Tarehe Isiyoandikwa Kwenye Boksi

Chukua simu yako, ingia kwenye Mipangilio, shuka mpaka chini kabisa palipoandikwa Kuhusu simu, kisha gusa toleo la Android. Hapo pana mstari ambao watu wengi hawajausoma tangu waliponunua simu: sasisho la usalama, na mbele yake tarehe. Kwenye simu moja utakuta tarehe ya mwezi uliopita. Kwenye nyingine, iliyonunuliwa duka lilelile kwa bei inayokaribiana, utakuta tarehe ya miaka mitatu nyuma. Zote mbili zinawaka, zinapiga picha, zinafungua WhatsApp, na kwa kuziangalia tu huwezi kuzitofautisha. Lakini hiyo ya pili ina matundu ambayo yameelezwa hadharani moja baada ya jingine kwa miaka mitatu, na hakuna lililozibwa. Nataka nikushawishi kwamba tarehe hiyo ndiyo kipimo cha kwanza cha uzima wa simu, mbele ya kamera, mbele ya betri na mbele ya jina la kampuni. Anayejali pesa zake aiangalie kabla ya kununua, na akishanunua asiiache ikae.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili ni zito zaidi kwa sababu simu iliacha siku nyingi kuwa chombo cha kuongelea tu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaingia Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo ada ya shule, luku, mchango wa harusi, marejesho ya kikoba na hata mshahara vimehamia kwenye namba ya simu. Tanzania ikaongeza usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA mwaka 2019, na Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Maana yake namba yako sasa ndiyo wewe. Benki ikitaka kuthibitisha kwamba ni wewe unayehamisha pesa, hutuma tarakimu kwenye namba hiyo. WhatsApp ikitaka kukufungulia akaunti kwenye simu mpya, hutuma tarakimu sita kwenye namba hiyohiyo. Anayeweza kusoma meseji zako kwa siri hana haja ya kukuvizia njiani.

Sasisho la usalama ni nini hasa? Mfumo unaoendesha simu umeandikwa na watu, mistari mamilioni kwa mamilioni, na watu hukosea. Kila kukicha watafiti hugundua sehemu ambapo picha iliyotengenezwa kwa hila, meseji au ukurasa wa intaneti unaweza kuifanya simu itii amri ya mgeni. Makosa hayo hupelekwa kwa mtengenezaji, yeye huyarekebisha, na marekebisho hutumwa kwenye simu. Mpaka hapo wengi wanaelewa. Kisichofahamika sana ni kwamba siku marekebisho yanapotoka, kosa lenyewe nalo linakuwa limetangazwa. Mwizi mwenye ujuzi hulinganisha mfumo wa jana na wa leo, akaona ni mstari gani umebadilishwa, na papo hapo akajua tundu lilikuwa wapi. Ni kama fundi asimame barazani aueleze mtaa mzima kwamba komeo la uani la kila nyumba iliyojengwa na mkandarasi fulani hufunguka kwa kijiko, kisha agawe makomeo mapya bure. Aliyefunga komeo jipya jioni ileile amesaidika. Aliyeliweka kabatini mpaka atakapopata nafasi yuko pabaya kuliko alivyokuwa jana, kwa kuwa jana wezi walikuwa hawajui. Kwa hiyo hatari kubwa kwa mtu wa kawaida imo katika zile siku, wiki au miaka inayopita kati ya dawa kutoka na dawa kutumika.

Mfano ulio wazi kuliko yote ulitokea kwenye kompyuta. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa marekebisho ya kosa zito katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, takriban miezi miwili baadaye, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita kwenye tundu hilohilo na kufunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, kikidai fidia. Hospitali za umma za Uingereza ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Ukaguzi uliofuata ulionyesha kuwa taasisi za afya zilizoathirika zilikuwa na Windows ambayo haikusasishwa, au ya zamani mno kupata huduma. Aliyefanya kazi ile ya dakika chache mwezi Machi alilala usingizi mwezi Mei.

Kwenye simu historia inasema vilevile. Julai 2015 mtafiti Joshua Drake wa kampuni ya Zimperium alitangaza kosa lililopewa jina Stagefright, lililokaa katika sehemu ya Android inayosoma video. Meseji yenye video ya hila iliweza kuiteka simu, na inawezekana hata mwenyewe asiifungue. Simu zilizokadiriwa kuwa hatarini zilikuwa milioni 950. Mshtuko ule ndio uliofanya Google, kuanzia Agosti 2015, ianze utaratibu wa kutoa marekebisho ya usalama kila mwezi, na ile tarehe tuliyoitazama kwenye Kuhusu simu ni tunda la utaratibu huo. Ukiichunguza utaona mara nyingi inaishia tarehe 1 au tarehe 5. Ya tarehe 1 ina marekebisho ya Android yenyewe, na ya tarehe 5 imejumlisha pia yale ya kiini cha mfumo na ya watengenezaji wa vipuri vya ndani.

Lakini Google kutoa marekebisho si sawa na wewe kuyapata. Kampuni iliyotengeneza simu yako inapaswa kuyachukua, kuyaoanisha na simu zake na kuyatuma, na katikati ya safari hiyo mengi hukwama. Kuna kosa moja katika kiini cha Android lililorekebishwa na waandishi wa mfumo wa Linux mwishoni mwa mwaka 2017 na mwanzoni mwa 2018, lakini marekebisho hayakufika kwenye simu nyingi zilizokuwa mikononi mwa watu. Oktoba 2019 watafiti wa Google wakatangaza kwamba kosa hilo linatumika kushambulia simu, na katika orodha yao zilikuwamo Pixel 2 za Google yenyewe, Galaxy S7 hadi S9 za Samsung, na simu za Huawei, Xiaomi na Oppo. Januari 2020 kampuni ya Trend Micro ikaeleza kuwa imekuta programu tatu ndani ya duka la Google Play, mojawapo ikijifanya ya kamera, zikihusika na kutumia tundu hilo kuiba taarifa za wenye simu. Tafakari mfuatano huo: dawa ilikuwapo, ilikaa zaidi ya mwaka mmoja bila kufika kwa mgonjwa, na waliokuja kuutumia ucheleweshaji huo walipitia mlango wa mbele wa duka tunaloliamini.

Najua jibu la kwanza litakalokuja: mimi si waziri wala tajiri, nani atajisumbua na mimi? Ni kweli kwamba yapo mashambulizi yanayolenga watu maalumu. Mei 2019 WhatsApp iliziba kosa lililowezesha simu kuwekewa programu ya upelelezi ya Pegasus kwa kupigiwa tu, hata usipopokea, na watu waliolengwa walikuwa kama 1,400, wakiwamo waandishi wa habari, wanasheria na watetezi wa haki za binadamu. Ukiishia kwenye habari za aina hiyo utadhani jambo hili ni la wakubwa. WannaCry, kinyume chake, hakikuchagua mtu. Kilipima kila mlango kilioufikia, na kilipokuta wazi kikaingia. Wizi wa namna hiyo hufanywa na programu inayojiendesha, na kwake simu elfu kumi za watu wenye shilingi elfu hamsini kila mmoja ni mavuno mazuri. Halafu simu yako haina mali yako peke yako. Ina namba za watu wote wanaokuamini, ina makundi ya ukoo na ya kazini, na ikiwa wewe ni mweka hazina wa kikoba, basi akiba ya wanachama wote imelala mfukoni mwako. Ombi la mkopo wa haraka likitoka kwenye WhatsApp yako halisi, kwa jina lako na picha yako, dada yako atatuma.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sitalizunguka. Wizi mwingi wa simu hapa kwetu hautumii tundu lolote la mfumo. Unatumia maneno. Ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" haijali kama simu yako ni mpya au ya zamani, na anayepiga akidai ni mhudumu wa mtandao huku akikuomba namba ya siri anafanya kazi yake vizuri tu hata ukiwa na kitochi. Anayelipa kwa kupiga *150*00# anaweza kuongeza kwamba malipo yake hayapiti kwenye programu yoyote, kwa hiyo sasisho halimhusu. Nakubali kwamba hakuna sasisho litakalomzuia mtu kutoa namba yake ya siri kwa mdomo wake. Kwa wizi huo kinga ni kukata simu na kuripoti: kwa Tanzania meseji na namba ya tapeli hutumwa 15040, na kwa mteja wa Safaricom hutumwa 333.

Hata hivyo, wizi wa maneno na wizi wa matundu vinazidi kuungana. Tapeli wa sasa haombi namba ya siri tu. Hukutumia kiungo au faili kwenye WhatsApp, akisema ni fomu ya ajira, kadi ya mwaliko wa harusi au programu ya mkopo wa papo hapo. Ukiifungua, inakuomba uisakinishe, kisha inakuomba ruhusa ya Ufikivu. Ruhusa hiyo iliwekwa kwa ajili ya watu wasioona vizuri au wenye ulemavu wa mikono, na humpa aliyepewa uwezo wa kusoma kila kinachoonekana kwenye kioo na kubonyeza kwa niaba yako. Programu ya namna hiyo haihitaji umtajie mtu msimbo wa benki, maana inausoma yenyewe ukishaingia. Hapo ndipo sasisho linapoanza kusaidia hata dhidi ya maneno. Android 13, iliyotoka mwaka 2022, iliweka kizuizi kinachofanya programu iliyopakuliwa nje ya duka isipewe ruhusa ya Ufikivu kirahisi. Aliyebaki kwenye Android 9 hana kizuizi hicho, akibembelezwa kidogo tu mlango uko wazi. Na yule wa *150*00# naye apokee ukweli kwamba meseji zake za uthibitisho, barua pepe yake na WhatsApp yake vimo kwenye simu ileile.

Hapa nizungumzie tabia moja iliyoenea sana mitaani, ya kutumia GB WhatsApp na ndugu zake. Watu huzipenda kwa sababu zinaonyesha meseji iliyofutwa na kuficha kwamba uko hewani. Lakini hazipo kwenye Google Play, hazisasishwi na WhatsApp, na anayezitengeneza anaweza kuweka ndani yake chochote. Agosti 2021 Kaspersky ilikuta toleo la FMWhatsApp likiwa na kirusi kiitwacho Triada, kinachoweza kupakua virusi vingine na kumuunganisha mtu na huduma za kulipia bila yeye kujua. Mwaka huohuo zilienea meseji za kuwahimiza watu wabadilishe WhatsApp yao iwe ya rangi ya pinki, na kiungo chake kilikuwa mtego. Kwa hiyo ninaposema sasisha, simaanishi ubonyeze kila kinachojiita sasisho. Sasisho la kweli lina milango miwili tu: sehemu ya masasisho ya mfumo ndani ya Mipangilio, na duka rasmi la programu. Likija kwa meseji, kwa kiungo cha kundi, au kwa tangazo linalorukia katikati ya tovuti likisema simu yako ina virusi kumi na tatu, hilo ni la wezi.

Pingamizi la tatu ni la bando, na linastahili kuheshimiwa. Mtu anayenunua bando la siku kwa shilingi mia tano hawezi kuambiwa apakue gigabaiti mbili kwa moyo mweupe. Ila kwanza tujue ukubwa halisi wa mzigo. Sasisho la usalama la mwezi kwa kawaida ni la megabaiti makumi hadi mia kadhaa, wakati toleo jipya zima la Android ndilo linalofikia gigabaiti. Pia si kila programu inastahili bando lako. Kama bando ni dogo, anza na sasisho la usalama la mfumo. Kisha kivinjari unachotumia, pamoja na ile programu isiyo na sura iitwayo Android System WebView, ambayo hufungua kurasa za intaneti ndani ya programu nyingine. Kisha WhatsApp na programu za meseji, kisha za benki na za pesa. Michezo, vihariri picha na tochi za ziada zisubiri, na nyingi kati yake zingefutwa kabisa. Programu iliyofutwa haihitaji kusasishwa, na nafasi itakayoachwa ndiyo ambayo simu yako imekuwa ikiilalamikia kila mara inapogoma kupakua. Weka Google Play ijisasishe yenyewe kwa Wi-Fi tu, halafu ukifika ofisini, chuoni au kwa jamaa mwenye Wi-Fi, iache ikifanya kazi huku mkiongea. Wenye mabando ya usiku wana njia nyingine, maana saa ambazo bando ni rahisi ndizo saa ambazo simu iko kwenye chaji.

Wapo pia wanaosema masasisho huharibu simu, na hawasemi kwa kubuni. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba masasisho yake yalikuwa yakipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka, bila wenye simu kuelezwa wazi. Ufaransa iliipiga faini ya euro milioni 25 mwaka 2020, na huko Marekani ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi. Aliyekuwa na mashaka alikuwa na sababu. Lakini tuangalie kilichokuwa kinalalamikiwa: masasisho ya mfumo kwenye simu yenye betri kuukuu. Sasisho la usalama la mwezi kwa kawaida halibadilishi sura ya simu wala halibebi mambo mapya mazito. Huziba tu. Kama simu yako ni ya zamani, yenye kumbukumbu ndogo, na unaletewa toleo jipya zima la Android, si dhambi kusubiri wiki mbili usikie wenye simu kama yako wanasemaje. Kusubiri sasisho la usalama ndiko nisikokubaliana nako. Na lifanye kwa utaratibu: nakili picha na mawasiliano kwenye akaunti yako kwanza, hakikisha betri imezidi nusu, na usianze ukiwa njiani kwenda kupokea mzigo bandarini. Simu nyingi za sasa hupakua na kuandaa sasisho pembeni huku ukiendelea kuitumia, na kinachokukatisha ni kule kuzima na kuwasha tu. Wengi hukwama hapo hasa. Sasisho limeshapakuliwa, bando limeshaliwa, na kwa mwezi mzima simu inaomba iwashwe upya na mwenyewe anabonyeza baadaye, baadaye.

Sasa turudi dukani, maana makosa makubwa hufanyika pale kabla simu haijawashwa. Boksi litakuambia megapikseli, gigabaiti na siku ambazo betri itakaa. Mara chache sana litakuambia kampuni itaendelea kutuma masasisho ya usalama mpaka lini. Sheria za wenzetu zimeanza kulazimisha. Uingereza, tangu 29 Aprili 2024, humtaka mtengenezaji atamke muda wa chini wa masasisho. Umoja wa Ulaya, tangu 20 Juni 2025, unataka simu zinazoingizwa sokoni humo zipewe masasisho kwa angalau miaka 5 baada ya aina hiyo ya simu kuacha kuuzwa. Ahadi za kampuni nazo zinatofautiana mno. Google iliahidi miaka 7 kuanzia Pixel 8 ya mwaka 2023, Samsung ikaahidi miaka 7 kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024 na miaka 6 kwa Galaxy A16, ambayo si simu ya matajiri. Apple haikuwa na desturi ya kutangaza muda, lakini iPhone 5s ya mwaka 2013 ilipata sasisho la usalama Januari 2023. Upande wa pili zipo simu nyingi za bei nafuu zinazoahidi miaka miwili au mitatu, na nyingine haziahidi chochote.

Piga hesabu mwenyewe. Tuseme simu ya shilingi 300,000 ina miaka 2 ya masasisho, na ya shilingi 450,000 ina miaka 6. Ya kwanza inakugharimu 150,000 kwa kila mwaka wa usalama, ya pili 75,000. Rahisi imeshakuwa ghali. Utaniambia laki moja na nusu ya ziada haipo, na mwenye kipato cha kuhesabu hanunui kwa hesabu za miaka sita. Sawa. Basi elewa kwamba muda wa ahadi za kampuni kwa kawaida huhesabiwa kuanzia siku aina hiyo ya simu ilipotoka, si siku wewe uliponunua, na maarifa hayo yatakusaidia hata kwenye soko la simu zilizotumika. Simu zilizotumika zinazoletwa kutoka Dubai na kuuzwa Kariakoo au Luthuli jijini Nairobi si mbaya kwa kuwa zimetumika. Simu ya daraja la juu yenye umri wa miaka miwili na miaka mitano ya masasisho mbele yake ni bora kuliko mpya ya boksi iliyokwisha muda. Kabla ya kutoa hela mwambie muuzaji aiwashe, mfungue wote Kuhusu simu, msome tarehe, mbonyeze kutafuta sasisho muone kama linakuja. Hakikisha akaunti ya mwenyewe wa zamani imeondolewa, na namba ya IMEI inayotokea ukipiga *#06# inafanana na ya boksi. Anayekopa simu kwa kulipa kidogo kidogo aulize swali moja zaidi: masasisho yataisha kabla au baada ya marejesho ya mwisho?

Kuna simu ambazo muda wake umekwisha na mwenyewe hana uwezo wa kununua nyingine, na sitaki aondoke hapa na hofu tupu. Programu za Google Play huendelea kusasishwa kwa miaka kadhaa hata mfumo ukiachwa, kwa hiyo usiache kuzisasisha, hasa kivinjari na WhatsApp. Usisakinishe kitu chochote kutoka nje ya duka. Kisha tenganisha pesa na intaneti. Wengi tayari wanatembea na simu mbili: weka laini yenye pesa kwenye kitochi, simu janja ya zamani ibaki na laini ya bando kwa ajili ya video na habari, na programu ya benki ifutwe humo. Laini hiyo ya pesa iwekee namba ya siri ya laini yenyewe, tofauti na ile ya kufungua simu, ili mwizi asiweze kuichomoa, kuitia kwenye simu yake na kupokea misimbo yako. Jua kwanza namba ya kiwandani ya mtandao wako na uhifadhi namba ya PUK mahali salama, kwa kuwa ukikosea mara tatu laini hujifunga. Piga pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa wakala rasmi ifutwe.

Simu ya zamani hapa kwetu haitupwi. Mtoto wa mjini akinunua mpya, ya zamani hupelekwa kwa mama kijijini, na mama ndiye anayetumiwa hela za matumizi kwenye simu hiyo. Kwa hiyo simu iliyokosa masasisho mikononi mwa kijana anayejua mitego huishia mikononi mwa mtu asiyeijua, ikiwa na pesa ndani. Kabla ya kuifunga kwenye mfuko wa safari, irudishe kama ilivyotoka kiwandani ili akaunti zako zisibaki humo, uisasishe mpaka mwisho wa inachoweza kupokea ukiwa bado na Wi-Fi, uzime ruhusa ya kusakinisha programu kutoka vyanzo visivyojulikana, na uipe namba ya siri ambayo si mwaka wa kuzaliwa. Kisha pale nyumbani keti na mama, mpitie pamoja meseji ya sasisho inavyoonekana ikitoka kwenye Mipangilio, na ile ya matapeli inavyoonekana, mpaka aweze kukuonyesha yeye mwenyewe ipi ni ipi. Kama masasisho ya simu hiyo yamekwisha kabisa, mpelekee pamoja na kitochi, na laini yake ya pesa uitie kwenye kitochi kabla hujaondoka.